Kiazi cha Alkhamisi: Miaka Thelathini na Miwili na Nusu ya Mpishi Nadhir Koya

Nadhir Koya, mpishi wa kiwanda chetu cha tende hapa Ibra, Omani, kaanza kazi tarehe mosi Aprili 1993 na anastaafu Jumanne ijayo, tarehe thelathini Septemba 2025. Ni miaka thelathini na miwili na nusu, na hakuugua hata siku moja isipokuwa ile aliyokula chakula cha mkahawani. Ibtihal wa ofisini, anayeipiga chapa karatasi hii mie nikisema, kaniambia wasifu huanza kwa tarehe. Basi tarehe hizo. Tuendelee.

Msemaji ni Himid bin Marhoun, dereva wa lori namba mbili. Skuli sikukaa, ila hakuna mtu kiwandani hapa aliyekula kwa mkono wa Nadhir kunishinda mie, na ushahidi umo ndani ya kanzu hii ya dishdasha, mnauona wenyewe. Kazi hii ya kusema walitaka kumpa mhasibu. Mhasibu angesema nusu ukurasa akenda zake kula. Tena kuna sababu nyengine ya kupewa mie, nayo itakuja kwa zamu yake.

Kwa wageni wasiojua: ile sufuria kubwa iliyoko uani, imezibwa mdomo kwa unga na juu yake kuna makaa, isiguswe. Mudir wetu, mkuu wa kiwanda, Ustadh Ghassan, kaweka sharti isifunuliwe mpaka karatasi hii isomwe yote mbele ya baba yake, Mzee Harub, aliyekuwa mudir kabla yake. Mzee Harub ndiye aliyempiga marufuku Nadhir, miaka kumi na saba iliyopita, asipike tena chakula cha kwao katika jiko hili. Wiki ijayo Nadhir anapanda ndege. Ama sufuria ile italiwa leo, ama haitaliwa tena Ibra. Kwa hivyo sikilizeni, na mwenye njaa anilaumu mie, nimezowea.

Nadhir katoka Talaseri, mji wa pwani ya Malabar, Uhindi ya kusini, kwa wale Waislamu wa huko wanaoitwa Mapila. Kwao kuna minazi, kuna samaki, kuna mchele, iliki na pilipili manga. Mtu wa Unguja akisikia hivyo anasema, aa, huyu wa kwetu. Sie nasi ndivyo tulivyosema, na hapo ndipo makosa yetu yalipoanzia.

Alipofika alikuwa hajui Kiarabu wala Kiswahili. Siku zile jikoni na katika ukumbi wa kuchambulia tende tulikuwa watu tuliorudi kutoka Unguja na bara, Kiswahili kitupu kutwa nzima. Neno la kwanza alilolishika ni shikamoo. Akaona lina faida, kila akilitoa watu wanacheka na kumpenda, basi akalitoa kwa kila kiumbe. Kamwamkia mudir, kamwamkia mfagizi, kamwamkia mtoto wa miaka miwili, kamwamkia na polisi wa barabarani aliyetusimamisha Bidiya kwa mwendo. Polisi yule alikuwa mzee wa kwetu. Akaitika marahaba, akatuachia. Mie nilikuwa na mwendo wa mia na arubaini, siwafichi.

Baada ya miaka mitatu alikuwa anasema Kiunguja kuliko watoto wetu tuliowazaa wenyewe. Ibtihal kanitazama vibaya hapa, lakini kaandika. Afrika Nadhir hajaikanyaga hata kwa ndoto. Siku moja kaja mgeni kutoka Unguja kuangalia tende, akamsikia anazungumza, akamuuliza: "Weye wa mtaa gani?" Nadhir akamwambia: "Malindi, ule uchochoro wa nyuma ya msikiti, nyumba ya mlango wa kijani." Yote hayo kayasikia kwa Mzee Harub akihadithia wakati wa chai. Mgeni akashika mdomo. Akasema: "Basi mie nimemjua marehemu baba yako!" Nadhir akaitikia rehema, akamwongeza mchuzi.

Na mkewe, Kuruthum, aliyeko huko Talaseri, kashatuma malalamiko. Kila mumewe akenda likizo anaamka usingizini anasema, "Ghaniya, usiniharakishe!" Kuruthum akataka kujua huyo Ghaniya nani. Ilibidi Ghaniya mwenyewe azungumze naye kwa simu, bila ya lugha hata moja wanayoijua wote wawili, na wakaelewana. Mpaka leo wanatumiana bizari.

Ghaniya mnamjua. Ni msimamizi wa wachambuaji, mzaliwa wa Unguja, na ulimi wake umeshakata watu wengi kuliko mashine ya kutoa kokwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Nadhir mapishi yetu. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, mbatata za urojo, na juu ya yote biriani. "Sikiliza, Nadhir," kamwambia, "biriani yetu wali mbali, rojo mbali, na rojo liwe na viazi. Mtu anapakua wali, anamwagia rojo. Ukifanya vyengine watu hawatokuelewa." Nadhir akatikisa kichwa kile cha kwao, ambacho hujui kama kakubali au kakataa. Akapika kama alivyoambiwa.

Ila kila mwaka, baada ya mavuno, aliingia ofisini kwa Mzee Harub akauliza swali moja. Anaweza kupika biriani ya kwao, ya Talaseri, mara moja tu? Na kila mwaka Mzee Harub akamjibu: "Biriani ni biriani, Nadhir. Pika hii." Miaka kumi na tano. Mtu mwengine angelichoka. Yeye alikuwa akitoka pale anaendelea kukuna nazi, na vifuu vyake anavitia guniani, anaviweka nyuma ya jiko. Tukimuuliza vya nini, anasema vitahitajika.

Mazuri yake ni mengi na karatasi ni nne tu. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, 2007, njia zilikatika, watu mia na ushei wakakwama kiwandani siku tatu, umeme hakuna, gesi imekwisha. Nadhir akawasha kuni za mitende uani, akapika boko boko ya ngano na nyama mpaka watu walipotolewa, na siku ya tatu kuna waliojificha wasitolewe. Kafundisha wapishi wawili, wote sasa wana mikahawa yao Nizwa, na wote wanasema wamejifundisha wenyewe.

Pua yake haina mfano. Mie nilikuwa nikimchukua Sur kufuata samaki. Safari moja kamshika nguru, kamnusa, akamwambia muuzaji: "Huyu wa juzi." Muuzaji akaapa wa leo. Nadhir akamnusa tena, akasema: "Samahani, ndugu yangu. Wa juzi asubuhi." Yule bwana akatupa nguru mwengine na hakututazama usoni tena. Nimeshaihadithia khabari hii Muscat wakanambia naongeza chumvi. Hapa sikuongeza. Pengine huongeza, hapa sikuongeza.

Na mnajua nyote kuwa kila Alkhamisi, siku ya chakula kikubwa, sahani yangu mie peke yangu huja na kiazi kimoja cha kuchemsha juu yake. Kuna wali, kiazi. Kuna samaki, kiazi. Kuna boko boko, kiazi kimekaa katikati kama kofia. Mmenihusudu miaka mingi. Mie nimekuwa nikikwambieni kuwa ile ni heshima, kwamba mpishi anamjua mtu wake. Nimewaambia hata wageni. Leo nitakwambieni kiazi kile ni nini khasa.

Mwaka 2008 mavuno yalikuwa makubwa mpaka tulikosa makasha. Mzee Harub kwa furaha akaalika wakubwa wa Nizwa, wafanyabiashara wa Sur na jamaa zake wa hapa Ibra, waje siku ya Alkhamisi wale pamoja na sisi. Nadhir akafuta mikono, akaingia ofisini na swali lake. Na mwaka ule, sijui jua lilitokea upande gani, Mzee Harub akasema: "Haya, pika hiyo ya kwenu. Lakini usinitahayarishe mbele ya watu wa Nizwa."

Wiki nzima Nadhir alikuwa kama bwana harusi. Katoa mchele wa kwao aliokuwa kaufungia sandukuni, punje ndogo ndogo mfano wa bizari nyembamba, unanukia kabla haujaona maji. Samli ya dukani aliinusa akaikataa, akasema hii imetengenezwa na watu wa ofisini. Ikabidi tupande mie na yeye mpaka Dima wa Tayyin, kwa wafugaji wa mlimani, njia yote mawe, na hakuna dereva mwengine Sharqiyah nzima angelifika na lori lile. Tulifika. Tukarudi na kibati cha samli akakipakata mapajani njia nzima kama mtoto.

Sasa biriani ya Talaseri hupikwa hivi, nami nakwambieni kwa sababu leo nimeshaijua, kwa gharama. Nyama inapikwa na bizari zake, na wali unapikwa mbali kwa samli. Halafu vinapangwa sufuriani tabaka juu ya tabaka, nyama chini, wali juu, na katikati vitunguu vya kukaanga, zabibu, korosho, kotmiri na nanaa. Kiazi hakimo. Rojo la pembeni halimo. Unawekwa mfuniko, na mdomo wote wa sufuria unazibwa kwa unga uliokandwa, pumzi isitoke. Moto mdogo chini, makaa juu. Kilichobaki hufanywa na mvuke. Mpishi hapo anayo kazi moja tu, nayo ngumu kuliko zote, kukaa mbali.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Nadhir akanambia: "Himid, nakwenda kusali. Nilindie sufuria. Mtu asiiguse."

Nikamwambia: "Weye nenda kasali kwa raha, mie nitasali ukirudi. Nimeshalinda lori la tende mchangani Wahiba siku tatu peke yangu na ngamia wananizunguka." Ambayo ni kweli. Ilikuwa siku mbili.

Hajafika hata msikitini, kaja Ghaniya. Akaizunguka sufuria mara mbili.

"Rojo liko wapi?"

"Kasema limo humo humo."

"Humo humo wapi? Na viazi?"

"Kasema hamna viazi."

Ghaniya akashika kiuno. "Biriani haina rojo, haina kiazi, imezibwa mdomo kama mtu aliyeng'olewa jino! Himid, huyu maskini kachanganyikiwa kwa furaha, kasahau. Wageni washafika Mudhaibi. Mwenzio ataadhirika, na weye umekaa hapo kama gunia."

Mie nikaona nina dhamana. Nikachukua kisu, nikakata ule unga, nikafunua. Juu nikaona wali mweupe, mkavu, hauna rangi wala mchuzi. Wallahi nilimwonea huruma. Ghaniya akaleta viazi alivyochemsha kwa ajili ya katlesi, bakuli zima, tukavichomeka kimoja kimoja kama watu wanaopanda mihogo. Nikaona bado kukavu. Nikamimina jagi la laban, mtindi wa kunywa. Halafu jagi la pili. La pili lilikuwa shauri langu mwenyewe, Ghaniya hakuniambia, nalisema leo asije akabeba lisilokuwa lake. Tukaziba kwa unga wa chapati, tukazidisha makaa. Nadhir alivyorudi kanikuta palepale, mikono magotini, malaika.

Nayasema haya kwa kicheko sasa. Siku ile, ilipofunuliwa katikati ya sabla, ukumbi wetu wa karamu, mbele ya wageni, hakuna aliyecheka. Haikuwa biriani. Ilikuwa uji wenye nyama, na viazi vinaelea juu kama vichwa vya watoto wanaooga katika falaj, mfereji wa mashamba.

Hapa ndipo pa kusikiliza. Watu wote waliokuwa mle, wa Unguja na waliozowea biriani ya Unguja, hakuna hata mmoja aliyeshangaa kuona kiazi. Mzee Harub aliuona uji, viazi hakuviona, kwa sababu kwake yeye biriani ina viazi tangu dunia kuumbwa. Katika sabla nzima alikuwamo mtu mmoja tu anayejua kuwa viazi vile havikuja na sufuria. Nadhir akaviangalia. Akauangalia na unga wa mdomoni, wa chapati, si wake. Akamwangalia Ghaniya, Ghaniya akajitanda uso. Akaniangalia mie. Mie nikaangalia dari. Dari ya sabla ile ni ya magogo ya mtende, kumi na tisa, nayajua mpaka leo.

Mzee Harub akasema kwa sauti ndogo, na sauti yake ikiwa ndogo ndo khatari: "Nadhir, nini hichi?"

Nadhir akasema: "Kosa langu, mudir. Maji yamezidi."

Basi. Akainama akaanza kupakua, kwa sababu wageni wana njaa.

Pasipoti yake ilitolewa kabatini ikakaa juu ya meza ya Mzee Harub siku tatu. Siku tatu zile Nadhir alipika kama kawaida, akaosha masufuria, na sanduku lake likawa limeshafungwa. Siku ya nne akaitwa. Mzee Harub, na hapa nakushukuru ammi yangu, ungeliweza kumrudisha kwao na hukumrudisha. Ulimwambia: "Utabaki. Lakini vya kwenu usivipike tena katika jiko hili. Pika vya kwetu." Akasema naam. Na lile swali lake la kila mwaka halikusikika tena.

Mtauliza kwa nini hakunitaja. Mwezi ule mie nilikuwa na onyo la pili, kwa ajili ya lori lililoingia katika falaj ya watu Bidiya, na mpaka leo nasema falaj ndiyo iliyokaa vibaya. Onyo la tatu ni kufukuzwa, na nyumbani nilikuwa na watoto sita. Nadhir alijua, kiwanda kizima kilijua. Nilimwendea jikoni wiki ya pili yake, nikamuuliza, "Kwa nini hukunisema?" Kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, hakunyanyua kichwa.

"Mie wakinirudisha," kasema, "nakwenda kwa Kuruthum, jiko lipo. Weye wakikufukuza, utapika nini?"

Nikageuka nitoke. Nimefika mlangoni, kaniita.

"Lakini viazi, Himid. Viazi!"

Alkhamisi ile ile sahani yangu ikaja na kiazi juu. Na Alkhamisi ya pili. Na zote zilizofuata, miaka kumi na saba, isipokuwa akiwa likizo, na hata hapo aliacha maagizo. Haikuwa heshima, jamani. Alikuwa ananiuliza kila wiki nitasema lini, na mie kila wiki nameza kiazi.

Mzee Harub, kunywa maji kidogo, kuna na hili. Uliposema apike vya kwetu tu, Nadhir aliitii amri yako. Ila zile ndizi mbivu zilizopondwa, zikajazwa nazi na mayai na iliki, zikakaangwa, ulizosema bibi yako akizipika Mkunazini mpaka machozi yakakulenga? Bibi yako hakuzipika. Hizo ni za Talaseri, wanaziita unnakaya. Ule mkate mwembamba wa unga wa mchele uliosema umepotea duniani tangu ulipoondoka Unguja? Ni patiri, na haukupotea, ulikuwa Malabar wakati wote. Boko boko yetu, ile ya kimbunga, kwao inaitwa alisa, na hapo Nadhir mwenyewe keshatafuta tofauti hakuiona.

Na wale kombe wa baharini waliojazwa unga wa mchele na nazi, wakapikwa kwa mvuke halafu wakakaangwa, ambao nyote mliambiwa ni mapishi ya Tumbatu? Siku aliyowachukua mara ya mwanzo tulikuwa tunarudi kutoka Sur, wamo nyuma ya lori. Nikamuuliza: "Nadhir, hawa kweli wa Tumbatu?"

"Wa Talaseri," kanijibu. "Lakini mudir kapiga marufuku Talaseri. Tumbatu hakuipiga."

Kwa hivyo miaka kumi na saba sote tumekula Malabar tukiisifu Unguja, na aliyesifu kwa sauti kubwa kuliko wote yuko mstari wa mbele, kavaa kilemba cha zambarau. Ukitaka kukasirika, ammi, lianze tumbo lako. Ila biriani yake, hiyo hakuipenyeza hata mara moja. Aliweza. Sufuria ile ile ingelipita kwa jina la mtaa wowote wa Unguja na tungelikula. Nilimwambia hivyo. Akanambia biriani haendi nayo mlango wa nyuma.

Wiki tatu zilizopita tulikaa kikao cha maagano haya. Mmoja kasema tufanye shuwa, nyama ya kufukiwa shimoni, mwengine tuagize mkahawani. Akaulizwa Nadhir anataka nini. "Chochote," kasema, "mie siku hiyo mgeni." Ghaniya akanipiga kiwiko ambacho mbavu zangu zinakikumbuka. Nikaondoka pale nikenda moja kwa moja kwa Ustadh Ghassan, nikamwambia yote, na laban mpaka jagi la pili.

Ghassan alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Halafu akakivaa tena, akafanana na baba yake. Akasema: "Ammi Himid, aliyekataza ni baba yangu, na yuhai. Mie sitaruhusu juu ya neno lake. Sufuria itapikwa. Lakini haitafunuliwa mpaka uyaseme haya mbele yake, mbele ya watu, kwa jina lako. Akikubali, tutakula. Asipokubali, nimeagiza shuwa." Shuwa imo katika gari, siwafichi. Na hiyo, Ibtihal, ndiyo sababu hakupewa mhasibu.

Asubuhi ya leo Nadhir kafungua magunia yake ya nyuma ya jiko, yale tuliyokuwa tukimcheka. Vifuu vya nazi vya miaka na miaka, vikavu kama karatasi. Kwao biriani inafunikwa kwa moto wa vifuu, makaa ya mti hayafai. Kumbe kila nazi aliyotukunia alikuwa akiiwekea siku hii kuni zake. Kawasha, kapanga nyama, kapanga wali, kaziba mdomo kwa unga wake mwenyewe. Halafu akenda akakaa mbali.

Mzee Harub, shikamoo. Sufuria ile ya 2008 Nadhir aliipika sawasawa. Maji hayakuzidi. Aliyeifunua ni mie, aliyetia viazi ni mie na Ghaniya, aliyetia laban ni mie peke yangu, na aliyenyamaza miaka kumi na saba ni mie. Yeye hakukosa kitu siku ile wala siku yoyote nyengine. Neno sasa ni lako, na watu wana njaa.

Nadhir, kwa niaba ya kiwanda, ofisi, wachambuaji, madereva na watoto wetu wote uliowaamkia shikamoo wakajiona wakubwa, ahsante. Ahsante kwa kimbunga, kwa nguru wa leo, kwa Tumbatu yako, na kwa onyo la tatu ambalo halikuandikwa. Watoto wale sita wamemaliza skuli wote. Mmoja keshaoa, na wewe ndiye uliyempikia harusi yake. Msalimie Kuruthum. Mungu akupe umri, siha, minazi yenye kuzaa, na jirani asiyefunua sufuria ya mwenziwe. Siku zako zote zilizobaki ziwe njema kuliko tulivyokufanyia sisi.

Ghassan keshaniwekea mie kiti changu, hatua arubaini kutoka kwenye sufuria, kazipima mwenyewe kwa miguu yake. Nitakaa hapo, mikono yangu ikionekana. Sahani yangu ikifika, nitaitazama kwanza kabla ya kutia mkono. Ikija haina kiazi, nitajua swali lake limejibiwa. Ikija nacho, nitakila.

Himid bin Marhoun, lori namba mbili
Ibra, Alkhamisi, 25 Septemba 2025